Vifuniko Vitatu kwa Chupa

Keza wangu,

Nimesikia kwaya ikianza wimbo wa pili, kwa hiyo najua hutarudi sasa hivi. Wakikuaga watataka uwaimbie ile ya Pasaka, kisha mwalimu wa kwaya atatoa nasaha, na nasaha zake unazijua, hazina mwisho. Mwache aseme. Mimi nimepata nafasi ya kukaa mezani na kukuandikia. Maneno haya nikiyasema kwa mdomo utanikatiza, ukinikatiza nitakasirika, na sitaki tuagane tumenuniana.

Sitakuandikia habari za kula, kulala na kufunga mlango. Una akili zako. Najua watu wamekwisha kubinua midomo kwamba binti wa Kikatoliki anakwenda kukaa Nyamitanga, kule Mbarara, kwa dada yake Mzee Idrisa fundi, nyumba ya Waislamu. Waibinue hadi ichoke. Huyo mama amekupa chumba na hajakuuliza unasali wapi. Mheshimu kama unavyoniheshimu mimi, na zaidi kidogo, maana mimi unanijibu.

Nataka kukuandikia habari ya pikipiki ya baba yako, na kwa nini juzi, baba yako mdogo Anselmi alipokuja kuidai, mimi nilinyamaza.

Najua uliona. Alikaa pale kwenye benchi, kofia magotini, akasema, "Shemeji, hii moto, hii pikipiki, ni ya famii. Mutoto mwanamuke ataolewa, moto itaenda mu ukoo wa batu. Mimi niko na vijana, banatafuta kazi." Wewe uliniangalia. Mimi nikaangalia kikombe cha chai. Ulitoka, na tangu hapo hujaigusa pikipiki, hata kuifuta vumbi. Umepanga begi lako kama mtu atakayepanda teksi.

Basi soma vizuri: kesho hupandi teksi. Utakwenda Mbarara na pikipiki ya baba yako. Lakini kwanza nataka ujue ukimya wangu wa juzi ulitoka wapi. Ni ugonjwa wa zamani ule, na sitaki uondoke nao kwenye begi.

Baba yako alijifunza pikipiki ya melanji kule kwetu Burundi, alipokuwa katekista akizunguka milimani na pikipiki ya parokia. Melanji ni petroli iliyochanganywa na oili, hilo unalijua tangu ukiwa mdogo, lakini acha nilisimulie kama ninavyopenda. Pikipiki za bodaboda za siku hizi zina oili yake chini, imekaa peke yake. Hizi za zamani hazina mahali pa kuiweka. Zinakunywa oili ndani ya petroli, na zikiikosa, pistoni inasugua chuma kwa chuma. Tulipofika huku Uganda, kambini Nakivale, baba yako aliupata mkweche huu kwa mfugaji mmoja wa Rugaaga aliyekuwa ameutelekeza zizini, ng'ombe wakijikuna kwenye usukani. Aliusukuma hadi nyumbani akiimba. Nilimwambia ana wazimu.

Kipimo chake kilikuwa chupa ya bia ya Burundi, ile kubwa, tuliyokuja nayo ikiwa na maji ya kunywa njiani. Anajaza petroli kwenye chupa, anapima oili kwa kifuniko cha kopo lake, anachanganya. Nilimwuliza siku moja anajuaje imetosha. "Vifuniko vitatu kwa chupa, Yosefina," akasema, na mambo yakaishia hapo. Alikuwa mtu wa maneno machache, Mungu amrehemu, na machache mengine yalikuwa machache mno.

Alipofariki ulikuwa hujaanza shule. Siku za matanga watu walikuwa wengi, chupa ikavunjika, wala sikumwuliza mtu. Baadaye nikaanza kuuza petroli kando ya barabara, na pikipiki nikaiendesha mwenyewe, nikibeba maharage kwenda sokoni. Ulipofika wakati wa kuchanganya melanji nilichukua chupa ya maji ya plastiki, hizi za lita moja na nusu ambazo barabara nzima hapa inauzia petroli. Chupa ni chupa, nilijiambia. Nikatia vifuniko vitatu, nikatikisa.

Na unajua nini kilitokea? Moshi ukapungua! Majirani waliokuwa wakifunika pua baba yako akipita wakaanza kunisifu. Mama Keza, ya kwako haisumbui. Mama Keza, una mkono mzuri. Kichwa kikavimba. Nilidhani nimemzidi marehemu ujuzi, nikawa nampitia kaburini kwake nikijisemea kimoyomoyo, umeona?

Kilichofuata hukikumbuki sawasawa kwa sababu ulikuwa mdogo, umefungwa kwa kitenge mgongoni mwangu. Tulikuwa tunapanda kile kilima cha kabla ya Rugaaga. Injini ililia sauti nyembamba, nzuri tu, kisha ikakatika ghafla na gurudumu la nyuma likaganda. Tuliingia moja kwa moja kwenye mahindi ya watu. Kovu la gotini mwako ni la siku ile. Maharage yalimwagika barabara nzima, na wanaume waliokuwa wanapalilia wakasimama na majembe yao kutuangalia.

Kati yao, Anselmi ndiye aliyekuja mbio. Alikubeba hadi zahanati ukilia, kisha akarudi kusukuma pikipiki peke yake, juani, mpaka hapa uani. Akaisimamisha, akajifuta jasho kwa shati, akaniambia, "Nilikuambia, shemeji. Moto inajua mukono ya mwanaume."

Nami nikamwamini.

Hapo ndipo penye kosa langu, Keza, wala si kwenye chupa. Kwenye chupa mtu yeyote angekosea. Lakini nilimwamini bila kufungua hata parafujo moja. Na usidhani Anselmi ni mtu mbaya. Ndiye aliyechimba kaburi la baba yako kwa mikono yake. Mvua zilipokataa, alitugawia unga kabla hajajua wa kwake watakula nini. Maneno ya mtu mbaya unayaachia mlangoni. Ya mtu aliyekulisha unayaingiza ndani, unayapa kiti, na yakishakaa hayaondoki.

Nikaifunika pikipiki kwa turubai. Kuku wakaanza kutagia pale. Anselmi akasema soko la Rugaaga ni mbali kwa mjane, nikaacha kwenda. Akasema petroli inanukisha nguo, mwanamke anapaswa kunuka sabuni, nikaacha kuuza. Kwenye mkutano wa mtaa niliinua mkono niseme habari ya bomba la maji, akanitazama tu, nikaushusha. Nikawa napunguza hiki, napunguza kile, na kila nilichopunguza watu walisema Mama Keza ametulia siku hizi. Nilikuwa sijatulia hata kidogo. Nilikuwa nasagika.

Wewe ndiye uliyevuta turubai. Ulikuwa likizo, umechoka kukaa bure, ukafukuza kuku, ukachuchumaa mbele ya injini na kuniuliza, "Mama, nani aliipima akasema imekufa?" Nikafungua mdomo kukujibu, nikakuta sina jina la mtu. Hakuna aliyepima. Niliona haya mbele yako, na haya yale yalinifaa kuliko mahubiri yote niliyosikia miaka ile.

Tukaenda Mbarara, unakumbuka, silinda na pistoni ndani ya gunia la mahindi, konda akitaka tulipie gunia kama abiria. Duka la kwanza walitucheka wakasema tuipeleke makumbusho. Kule Ruti, kwenye barabara ya Kabale, Mzee Idrisa hakucheka. Alitoka kwenye kivuli cha vipuri vyake na kanzu iliyochafuka mikono, akaishika pistoni, akapitisha ukucha kwenye mikwaruzo yake.

"Nyabo," akaniita, kama wanavyomwita mama yeyote huku, "oili ulikuwa unapima namna gani?"

Nikamjibu kifua mbele. Vifuniko vitatu kwa chupa.

"Chupa gani?"

Nilimtazama kama mtu aliyeuliza swali la kijinga. Chupa! Akarudia, polepole, "Chupa gani, nyabo?" Ndipo nilipomweleza ya bia iliyovunjika na ya maji niliyoichukua badala yake. Mzee wa watu akafumba macho.

"Mama, chupa ya kwenu na hii ya hapa hapana sawa. Hii ya maji iko kubwa mara mbili. Wewe ulipea injini nusu ya oili yake. Injini hapana makosa. Na mukono yako hapana makosa."

Nilicheka. Halafu nikalia, palepale dukani, wateja wakiniangalia, nawe ukinivuta kitenge kwa aibu. Nililia kwa hasira, mwanangu. Nilimkasirikia baba yako kwa vifuniko vyake bila chupa yake. Nilimkasirikia Anselmi. Zaidi nilijikasirikia mwenyewe, kwa sababu swali lile dogo ningeweza kuulizwa miaka mingi nyuma kama ningethubutu kutoka nje na gunia langu.

Tulipoiwasha, baada ya silinda kuchongwa na kutiwa pistoni mpya, moshi wa buluu ulijaa ua mzima. Ulikuwa unaruka kama mbuzi. Anselmi akaja akikohoa, akasema bado ni mgonjwa, ona inavyofuka. Haikuwa mgonjwa. Ilikuwa imeshiba kwa mara ya kwanza tangu baba yako alipofariki. Siku ile nilitaka kumwambia hivyo, nikameza mate. Unaona ugonjwa wenyewe ulivyo mkaidi? Nilikwisha kujua ukweli, pikipiki inanguruma mbele yangu, na bado nikameza mate.

Sasa Mzee Idrisa amekuita, na hakukuita kwa huruma. Vijana wa mjini wamezikumbuka pikipiki za zamani, wanazitoa maghalani kwa babu zao, wanazisugua zinang'aa, wanatoka nazo Jumapili. Macho yake yamepungua nguvu na anataka mtu mwenye masikio. Masikio unayo. Ulikuwa ukikaa hapa ndani unapika na unaniambia pikipiki inayopita barabarani imetiwa oili gani, nami natoka kuuliza, inakuwa kweli.

Watakuja na mambo yao, hao vijana. Watakuambia, "Punguza oili kidogo, dada, moshi unanitia aibu." Usipunguze. Akinuna mwache anune. Wengine watakuletea oili ya gari kwa sababu ni rahisi kupatikana. Ile ikiungua inaacha makaa juu ya pistoni. Wengine watakuletea ya injini za boti za ziwani, na watakuapia kwamba ni ileile, kopo limeandikwa inachanganywa na petroli. Kweli inachanganywa, ila ilitengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Ya kwetu inapozwa na upepo, na kilimani, mzigo ukiwa nyuma, hata upepo wenyewe ni wa kubahatisha. Kataa. Usichanganye oili za aina mbili kwa sababu zote ni nyekundu. Rangi wanaitia ili ujue petroli ipi imekwisha kuchanganywa, haikuambii uzuri wake. Na mtu akikwambia kipimo, awe mzee, awe padre, awe mama yako, muulize anapimia nini. Injini hii ya baba yako inataka sehemu ishirini na tano za petroli kwa moja ya oili. Nyingine zinataka oili pungufu. Tafuta chombo chenye namba, usiwe na haya nacho.

Kuzidisha nako ni ujinga, usije ukasema nilikutuma. Nilipojua ukweli nilimimina oili kama ninayelipa kisasi, plagi ikaloa chepechepe, tukasukuma pikipiki kutoka Kabingo wewe ukinicheka njia nzima. Ulinicheka sana. Nilikuwa natamani kukupiga kofi, nami nacheka.

Kitu kimoja Mzee Idrisa alinifundisha mimi, wewe ukiwa umekwenda kununua chapati, kwa hiyo hukukisikia. Kesho kuna miteremko mirefu ya Isingiro. Ukishuka usifunge mafuta kabisa. Watu wanadhani injini inaumia ikipanda tu. Ya kwetu ukiifungia petroli umeifungia na oili, huku gurudumu linaendelea kuizungusha kavukavu. Inaonekana inapumzika, kumbe inakufa. Ipe mafuta kidogo kila baada ya muda, isikie iko hai. Aliponiambia hivyo niliwaza miaka yangu chini ya turubai. Ilikuwa miaka rahisi, Keza. Hakuna aliyenigombeza. Nilikuwa nashuka tu.

Sasa unajua juzi nilikuwa nimekaa wapi. Mdomo ulikwenda wenyewe kwenye kikombe, kwa mazoea. Nilikuona unavyoniangalia na nikajua kama nikinyamaza tena safari hii, utaondoka hapa ukiwa umejifunza kwangu jambo moja kubwa kuliko yote, nalo ni kuangalia kikombe. Hilo sikubali. Pikipiki ningeweza kuishi bila kuiona. Lakini wewe kuamini kwamba mama yako alikutoa sadaka ili shemeji yake asinune, hapana.

Leo mchana, ulipokwenda kuchota maji, nilivaa kitenge changu cha sikukuu nikaenda kwa Anselmi. Nilimkuta anapukuchua mahindi na mke wake. Sikukaa.

"Nimekuja kukuambia Keza ataondoka na pikipiki."

"Shemeji, hii mambo tulishaongea."

"Wewe uliongea. Mimi nilikunywa chai."

Mke wake akainamisha kichwa kwenye ungo. Sijui kama alikuwa anacheka, ila mabega yalitikisika.

"Ni kitu ya marehemu kaka yangu," akasema.

"Na Keza ni mtoto wa marehemu kaka yako. Una mwingine?"

"Mutoto mwanamuke, shemeji. Unajua desturi."

"Naijua. Nimeilisha miaka mingi. Aliyetoa turubai ni nani? Aliyekwenda Ruti na gunia ni nani? Vijana wako nawapenda, nimewaogesha, lakini walikuwa wanakalia pikipiki hii ikiwa imekufa, wanacheza kupiga honi kwa mdomo. Wakitaka kujifunza, Keza atawafundisha."

"Batu batasema nini?"

"Watasema. Si wana midomo."

Akatupa gunzi. "Kesho nitakuja kuichukua. Na vijana."

"Njoo," nikamwambia. "Ataondoka misa ya kwanza ikitoka, watu wakiwa barabarani. Nitakuwa nimesimama mbele ya gurudumu, na kitenge hiki hiki. Ukitaka usukani utanisogeza mimi kwanza, na utanisogeza mbele ya kwaya nzima."

Kwa hiyo hutatoroka alfajiri, Keza, unasikia? Najua ulivyo, ukisoma haya utasema heri niondoke gizani nisimletee mama matata. Matata nimeyaita mwenyewe, na nimechelewa sana kuyaita. Utapiga kiki mbele ya watu wote. Ikigoma mara ya kwanza utapiga ya pili, nao wasubiri.

Sijui kama atakuja. Nilipokuwa nimekwisha kugeuka niondoke, aliniita. Sauti haikuwa ile ya kudai. Ilikuwa ya yule mtu aliyekubeba ukilia mpaka zahanati. Akasema, "Shemeji, na moto ikifia mu njia? Mutoto iko peke yake mu pori, fasi hakuna mutu?"

Nilirudi hadi pale alipokaa, nikainama ili anione usoni.

"Ataitengeneza," nikamwambia.

Mama yako,
Yosefina